Uvimbe Mwema

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya Mkurugenzi wa hospitali, pini amezibana midomoni, chaki iko nyuma ya sikio, akijaribu kulifanya bega la kulia la koti lilingane na la kushoto. Haikuwa kazi ya kitoto. Nyuma ya bega lake la kulia Mkurugenzi alikuwa na uvimbe laini kama mto. Fundi alipomshonea koti la kwanza ulikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto mchanga, na sasa ulikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto huyohuyo. Katika kila koti jipya Fundi aliongeza sponji upande wa kushoto ili mabega yaende sawa, kwa hiyo kila mwaka Mkurugenzi alizidi kuwa mpana. Watu walidhani ni cheo.

"Taratibu, mama," sauti ikasema. "Umenichoma."

Fundi akatema pini kiganjani. "Samahani, mzee."

"Sijasema kitu," Mkurugenzi akajibu, akiendelea kujitazama kwenye kioo.

"Ni mimi," sauti ikasema. "Wa huku nyuma."

Fundi akauomba radhi uvimbe nao, akaihamisha ile pini. Mkurugenzi akauliza kama koti litakuwa tayari kwa mkutano wa wageni wake. Litakuwa tayari. "Na bitana iwe nyororo," uvimbe ukaongeza. Ulikuwa na sauti nzuri, ya kifuani, sauti ya mtu aliyeshiba na ambaye hajawahi kupanga foleni.

Siku hiyo Fundi alikuwa na lake moyoni, analitafuna pamoja na pini. Alikuwa na binti mmoja tu, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na Sindano alikuwa anaumwa mguu. Maumivu yalikaa juu kidogo ya goti, upande wa ndani. Zahanati walisema ni ya kukua, wakampa vidonge. Mjomba wake alisema ni ya kuruka kamba, akamletea dawa ya kuchua. Sindano alimeza vidonge, akachuliwa, akaacha kuruka kamba, na maumivu yakaendelea na shughuli zake kama hayakuambiwa kitu. Sasa alishinda dukani kwa mama yake akishona vifungo, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, na alipotaka kusimama alishika meza kwanza.

"Mzee," Fundi akasema, akilipiga brashi koti ambalo halikuwa na vumbi, "binti yangu ana goti limemvimba. Limeshakaa sana."

"Mlete," Mkurugenzi akasema. "Hospitali ni yenu."

"Kabisa," uvimbe ukasema.

Asubuhi iliyofuata Fundi hakufungua duka. Waliyemkuta hospitali ni daktari msichana, mgeni kazini, aliyevaa koti jeupe lenye mikono mirefu kiasi kwamba Fundi alitamani kulipunguza hapohapo. Alilishika goti, akalibonyeza, akawapeleka kupiga eksirei, na picha ilipotoka akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza, akaiinua tena.

"Mama, hii siyo ya kukua," akasema mwishowe. "Unaona hapa? Mfupa umeota kitu. Viko vinavyoota kwenye mfupa vikakaa zao, mtu akazeeka navyo. Na viko vinavyoula mfupa, halafu vikahama. Kwa eksirei tu siwezi kuapa hiki ni kipi, lakini sikipendi. Anahitaji picha ya ile mashine kubwa, kisha Bingwa wa mifupa amtoe kipande kikapimwe. Na iwe wiki hii. Isiwe ijayo."

"Kikiwa kile kinachohama?" Sindano akauliza.

"Tutakiwahi kabla hakijafika mbali."

Sindano alimtazama, akamwona ni mtu wa kweli, akashuka kitandani.

Wiki hiyo mashine kubwa haikuwa na nafasi, kwa sababu alikuwa amelazwa humo Mkurugenzi. Hakuna aliyeona ajabu kwamba uvimbe wake umeanza kusema. Hospitali ile ilishazoea kusikia mambo yakisemwa na vitu vya namna hiyo. Ila Mkurugenzi mwenyewe aliingiwa na hofu. Alifikiri kitu kinachosema huenda kina nia, na kitu chenye nia huenda ni saratani. Akawaita mabingwa wote. Mabingwa waliacha wodi, wakaacha wagonjwa na mishono mibichi, wakaja mbiombio wakisukumana mlangoni ili waonekane wamekuja. Bingwa wa macho alikuja. Bingwa wa meno alikuja. Bingwa wa mifupa alifika kabla ya wote, na ingawa ndani ya uvimbe ule hapakuwa na mfupa hata wa kuchokonolea meno, alisema ni vyema awe karibu.

Uvimbe ulipigwa picha kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavu. Zile za ubavu uliomba zirudiwe, ulisema haukutokea vizuri. Mabingwa waliziangalia wakasema, "Safi sana," kama watu wanaoangalia picha za harusi.

Nje ya mlango, kwenye benchi la mbao, Fundi na Sindano walingoja. Siku ya kwanza waliambiwa warudi kesho. Kesho yake waliambiwa wangoje kidogo. Daktari msichana alikuja mara kadhaa akagonga mlango, akaambiwa kwa adabu kwamba mashine iko katika kazi muhimu, na kila alipogeuka mashavu yalikuwa yamemwiva kwa hasira. Hiyo ndiyo silaha aliyokuwa nayo, na haikumdhuru yeyote.

Kipande cha uvimbe kilitumwa maabara, tena si kwa gari la kawaida bali kwa gari la Mkurugenzi mwenyewe, kimefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma. Majibu yaliporudi, wafanyakazi wote waliitwa ukumbini. Bingwa wa mifupa ndiye aliyesoma, kwa kuwa alikuwa ameshaishika karatasi. Akasoma kwamba ni uvimbe wa mafuta, mwema, usio na madhara.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Katibu muhtasi alilia. Na kwa kweli haikuwa jambo dogo, maana tangu hospitali ile ijengwe hakuna kiongozi yeyote aliyewahi kuthibitishwa na maabara kwamba hana madhara. Watu walianza kuuita Mwema. Kisha, pasipo waraka wala kikao, ngeli yenyewe ikabadilika. Jumatatu watu walikuwa wakisema "uvimbe umesema." Kufika Ijumaa walisema "Mwema amesema," na aliyeteleza akarudia ya zamani alisahihishwa. Sindano peke yake alikataa. Yeye aliendelea kusema umekuja, umekaa, umevimba, na mama yake akimfinya paja la mguu mzima.

Baada ya hapo Mwema alitolewa begani, si kwa ugonjwa bali kwa ombi lake mwenyewe. Alisema amechoka kuyaona mambo kwa nyuma. Mkurugenzi alipewa nusu kaputi. Mwema alisema yeye hahitaji, atabaki macho ili awape moyo madaktari. Walimkata kwa uangalifu ambao wauguzi wakongwe walisema hawajawahi kuuona, wakamweka kwenye sinia, wakampangusa. Akashusha pumzi, akawashukuru wote kwa jumla, asimtaje yeyote kwa jina, na kila mmoja akaondoka akiamini ametajwa.

Mkurugenzi aliamka mwepesi. Mabega yake yalikuwa sawa kwa mara ya kwanza, na makoti yake yote yakamning'inia upande mmoja kama yametundikwa vibaya. Mlinzi wa lango alimzuia asubuhi moja, hakumtambua. Watu walipokutana naye ukumbini walichungulia kwanza nyuma ya bega lake, hawakukuta kitu, wakapita. Baada ya muda alipewa cheo cha mshauri na kiti karibu na dirisha, ambako alishinda akijipapasa kovu.

Mwema alipewa kazi. Akafanywa Msimamizi wa Zamu za Mashine. Akapewa chumba, kiti cha magurudumu yanayozunguka na mto wa kukalia. Na kwa kuwa msimamizi hawezi kukaa uchi, akaitwa Fundi.

Fundi alikuwa amemshonea kila aina ya mtu, mwenye kibiongo, mwenye tumbo, bibi harusi mwenye jambo la kuficha. Hakuwahi kumshonea mtu asiye na shingo. Alipima mviringo, akaandika kwa chaki juu ya kitambaa, akasema koti halitakuwa na mabega.

"Sawa," Mwema akasema. "Lakini liwe na mikono."

"Mikono ya nini?"

"Ya heshima. Ilale mezani."

Fundi akatia mikono. Alikuwa tayari kutia hata mkia. Alipomaliza kumvalisha na kuilaza mikono mitupu juu ya meza, mmoja juu ya mwenzake, akaona hapo ndipo pa kusema. Akaeleza habari za goti toka mwanzo. Akaeleza kwamba daktari alitaka picha katika wiki ile, na wiki ile imeshasahaulika, na Sindano hawezi tena kukunja mguu, na shule ameacha, na joto la mwili halishuki.

Mwema alisikiliza vizuri. Alikuwa msikilizaji hodari, hakuwa na kingine cha kufanya.

"Nakuelewa kabisa, mama," akasema. "Mimi mwenyewe ni uvimbe."

"Basi mpe zamu."

"Nitalifuatilia."

"Lini?"

"Nitalifuatilia kwa karibu."

Fundi akamwambia kwamba mtoto anaweza kufa. Hilo hakuwahi kulisema kwa sauti, hata peke yake, na lilipotoka alilisikia kama limesemwa na mtu wa dukani mwake, mteja.

"Mama, usiwe na wasiwasi nami," Mwema akasema kwa upole mkubwa. "Mimi sina madhara. Imepimwa."

Na ilikuwa kweli. Tangu akalie kiti kile hakuwahi kumkatalia mtu. Waliokwenda kwake walitoka wakiwa wametulia, wanasema huyu sasa ndiye kiongozi, mtu wa watu, tofauti na yule wa mwanzo aliyekuwa akifoka. Walirudi benchini na uso wa kuridhika. Baadhi walizoea benchi hata wakaja na matandiko. Mzee mmoja mwenye uvimbe wa shingo alikwenda kwa Mwema akatoka anatabasamu, na aliendelea kutabasamu mpaka siku walipomfunika.

Dukani, goti la Sindano lilianza kung'aa. Ngozi ilivutika, mishipa ikajichora juu yake kama mizizi. Fundi alifumua mshono wa suruali yake akaongeza kipande, akafumua tena akaongeza kingine, mpaka suruali ikawa na mguu wa mtu mmoja na mguu wa mtu mwingine. Adhuhuri moja binti akasinzia juu ya marobota ya vitambaa. Fundi akapiga magoti, akasogeza mdomo karibu na ile ngozi ya moto.

"Sema," akanong'ona. "Mwenzako anasema na anapewa viti. Sema neno moja tu, la kipumbavu hata, wataitana wote waje."

Uvimbe wa goti haukusema. Huu ulikuwa kazini, haukuwa na muda wa mazungumzo.

Sindano akafumbua jicho. "Mama, unaongea na goti?"

"Naliuliza kitu."

"Limesemaje?"

"Limekataa kujibu. Halina adabu."

"Basi limenirithi," Sindano akasema, akafumba jicho tena. Fundi akaenda nyuma ya duka kutafuta kipande kingine cha kuongeza kwenye suruali.

Haukupita muda Mwema akahitaji koti la pili, la sherehe, kwa sababu watu wa magazeti walitaka kumpiga picha. Fundi akasema atakuja kumjaribisha, na safari hii akaja na Sindano. Alimwacha kwenye benchi nje ya chumba cha mashine, akaingia ofisini na mkoba wake wa kazi. Katibu muhtasi alimfungulia, akaenda kunywa chai.

Fundi alimnyanyua Mwema kutoka kwenye mto akamweka mapajani ili ampime. Alikuwa mzito kidogo kuliko alivyoonekana, na vuguvugu. Mkasi ulikuwa mezani. Fundi akautazama mkasi, akamtazama yeye, akautazama tena mkasi. Kilichomzuia hakikuwa huruma. Alijua tu kwamba ndani hamna kitu. Angekata mafuta akayakuta mafuta, na yote yangeendelea kuwa mema.

"Mama, unanishika kwa nguvu," Mwema akasema.

"Nakupima," Fundi akasema, akamtumbukiza mkobani kati ya futi na vitambaa, akaacha juu wazi apate kupumua, akatoka.

Ukumbini watu waliuona mkoba, wakaona kilichomo, wakasimama. Wengine walivua kofia. "Shikamoo, mzee," bingwa mmoja akauamkia mkoba, na mkoba ukaitika marahaba. Fundi alitembea mwendo wa kawaida mpaka mlango wa mashine, ambako mpiga picha wa mashine alikuwa akisafisha kucha zake kwa kipande cha waya.

"Msimamizi amekuja mwenyewe," Fundi akasema. Akauinua mkoba usawa wa uso wa mpiga picha. "Mwema, huyu mtoto aliyeko benchini, apigwe picha sasa hivi?"

"Kabisa," Mwema akasema.

"Bila kungoja?"

"Kabisa, mama. Wazo zuri sana."

Hakuna ambalo Mwema hakulikubali, na mpaka siku hiyo hakuna aliyefikiria kumuuliza mbele ya mtu mwenye ufunguo. Mpiga picha alificha ule waya, akasimama wima, akafungua mlango. Daktari msichana, ambaye alikuwa anapita na sinia la sindano, aliweka sinia chini, akamshika Sindano kiunoni, wakaingia.

Mashine ilinguruma. Fundi alikaa benchini na mkoba mapajani. Mwema akauliza kama kola yake imekaa sawa. Fundi akasema imekaa sawa. Ilikuwa imekaa upande.

Picha ilionyesha kile kitu kimetoka ndani ya mfupa, kimeutoboa, kimepanda pajani na kujitandaza kwenye nyama. Daktari msichana alimsimamia Bingwa wa mifupa mlangoni mpaka akatoa kipande. Kipande kilikwenda maabara kwa miguu, mfukoni mwa mhudumu, na majibu yaliporudi hayakusomwa ukumbini. Ilikuwa saratani ya mfupa.

Bingwa aliwapokea chumbani kwake. Alikuwa na mifano ya mifupa ya plastiki mezani na alichezea mmoja alipokuwa akisema. Alisema mguu hauwezi kuokolewa. Kwanza dripu za kuipunguza nguvu, kisha kukata, juu, karibu na nyonga, kisha dripu tena, na hata hapo haahidi kitu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Tatizo la watu wetu ni hilihili," akasema. "Mnachelewa sana kuja hospitali."

Sindano alisubiri aweke mfupa wa plastiki chini.

"Tulikuwa hapo nje, daktari," akasema. "Kwenye benchi. Ulikuwa unaturuka miguu ukienda kuona mafuta."

Bingwa akamwambia Fundi kwamba wagonjwa wa namna hii huwa na hasira, na kwamba hasira si nzuri kwa mwili. Akaandika hivyo kwenye jalada.

Dripu zilimng'oa Sindano nywele na nyusi. Alitapika mpaka akawa anatapika hewa. Mguu ulikatwa siku ya mvua. Fundi alimsubiri kwenye korido, na alipoletwa kwenye kitanda cha magurudumu, shuka lilikuwa limeinuka upande mmoja na upande wa pili limelala. Fundi, aliyeishi kwa kuangalia jinsi nguo inavyomkaa mtu, alijikuta anaangalia shuka tu, hawezi kuacha. Nyumbani alizichukua suruali za binti yake zote, akakata mguu mmoja wa kila suruali, akakunja pindo kwa ndani akashona kwa mkono. Hakuwahi kushona mshono msafi kama ule, na aliuchukia kila alipochoma sindano.

Mwema alikuja wodini. Wakati huo alikuwa anakaimu ukurugenzi, kwa vile kiti kilikuwa wazi na yeye alikuwa ameshazoea kukaa. Aliletwa kwenye mto wake, amevaa koti la sherehe, mikono mitupu inaning'inia pande zote mbili, nyuma yake mabingwa na mtu wa kamera. Wauguzi walikuwa wametandika mashuka mapya asubuhi, ambayo yaliondolewa jioni. Walimweka kwenye meza ya kando ya kitanda, penye glasi ya maji.

"Binti yangu," Mwema akasema, "najua unachokipitia. Mimi pia nilikatwa. Kwa hiyo naongea na wewe kama mgonjwa kwa mgonjwa. Leo hii nitazame: niko salama."

Mabingwa waliguna kwa kuguswa. Mtu wa kamera akasogea.

"Wewe ulikatwa ukapewa ofisi," Sindano akasema. "Mimi nilikatwa kwa sababu ulikuwa umekaa humo."

"Kabisa," Mwema akasema, akacheka kile kicheko chake kizuri cha kifuani. Aliwageukia wenzake, kwa kadiri mto ulivyoweza kugeuka. "Mnaona? Roho kubwa. Tunahitaji vijana kama hawa."

Ikatangazwa baadaye kwamba kwa heshima ya wagonjwa wa namna hiyo, wodi itapakwa rangi. Ilipakwa rangi ya maziwa.

Yule daktari msichana alihamishiwa kituo cha mbali, kwa kosa la kuingiza mgonjwa kwenye mashine kwa idhini iliyotolewa mkobani. Alikuja dukani kuaga. Fundi alimvua lile koti jeupe, akapunguza mikono palepale huku daktari amekaa anakunywa maji, akalipiga pasi, akamrudishia. Sindano alimtania kwamba sasa amekuwa daktari kweli, vidole vinaonekana, na daktari akacheka, akamaliza maji yake. Mpiga picha naye alipewa agizo jipya: kukubali kwa Mwema si ruhusa tena mpaka kuthibitishwe na Mwema mwenyewe baada ya kulifuatilia.

Nywele za Sindano ziliota upya, zikaja na mawimbi ambayo hayakuwepo zamani. Alijifunza magongo kwa kuangukaanguka, akawatukana waliotaka kumshika. Shule hakurudi mara moja, lakini kwenye cherehani alihamia kiti cha mama yake akawa anakanyaga kwa mguu mmoja, na mishono yake ilikuwa inakwenda ovyo, na mama yake alimwambia hivyo bila kumwonea huruma, jambo ambalo Sindano alilipenda kuliko maua aliyoletewa na watu.

Msimu ulipogeuka ikafika siku ya kupiga picha ya kifua, kuangalia kama kile kitu hakijahamia mapafuni. Sindano alikuwa na kikohozi kidogo. Alisema ni vumbi la vitambaa. Fundi alisema ndiyo, ni vumbi. Walifika mapema, wakakuta benchi limejaa na mlango umefungwa, taa nyekundu inawaka juu yake. Waliokuwepo wakawasogezea nafasi kidogo, nao wakakaa.

Mwanamume mmoja akaja na karatasi yake ya hospitali, amevaa nguo za kazi zenye madoa ya saruji. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba juu ya kiwiko, na alikuwa ameubeba kwa mkono wa pili kama mtu aliyembeba mtoto aliyelala. Akautazama mlango, akaitazama taa.

"Kuna mgonjwa ndani?"

"Hapana," Sindano akasema. "Kuna uvimbe. Unapimwa kila mwezi, wahakikishe kwamba bado ni mwema."

"Wa nani?"

"Siku hizi hauna mtu."

Mwanamume akaitika kwa kichwa, kama aliyeambiwa kwamba maji yamekatika mtaani. Akauliza kama unakawia.

"Unakawia," Fundi akasema.

Sindano akayavuta magongo yake karibu. Mama yake akajibana upande wa ukuta, na watu wengine wakajibana, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa benchi pakapatikana nafasi ya mtu mmoja na mkono wake, naye akakaa.